Bibi Aliyeitwa Baba: Mwaka Wangu wa Kufundisha Kiingereza Milimani Rodopi

Basi dogo kutoka Smolyan, mji wa kusini mwa Bulgaria, lilinishusha kijijini jioni moja ya Septemba 2017, nikiwa na sanduku moja na mfuko wa vitabu. Kituo kilikuwa kibanda cha bati chenye benchi, na kwenye benchi walikaa wazee wanne wakiota jua la mwisho. Nilijiandaa kuulizwa natoka nchi gani, maana Plovdiv, mji niliosomea, hilo ndilo swali la kwanza kila mahali. Hakuna aliyeliuliza. Bibi mmoja mwenye kitambaa kichwani na kizibao cha sufu alinitazama toka kichwani hadi viatuni, kisha akasema, "Chiya si ti?" Wewe ni wa nani?

Swali hilo nimekua nalo. Kwetu Lushoto, mtoto akionekana kwenye njia isiyo yake haulizwi jina. Anaulizwa, "We wa nani?" Akitaja ukoo wake, aliyeuliza anajua ampe maji, amtume dukani, au amshike mkono amrudishe kwao. Sikutegemea kuulizwa hivyo Ulaya, na nilishatimiza miaka 27.

Nikajibu kwa Kibulgaria changu cha chuo kwamba mimi ni mwalimu mpya wa Kiingereza. Bibi akatikisa kichwa kulia na kushoto, polepole. Nikadhani hajanielewa, nikarudia kwa sauti zaidi. Akatikisa tena. Nilikuwa na miaka mitatu Bulgaria, lakini uchovu wa safari ulinisahaulisha kwamba huko kutikisa kichwa ni kukubali. Hapana yao ni kuinua kidevu mara moja, mara nyingi na mlio mdogo wa ulimi kwenye meno, mlio ambao mtu wa kwetu angeapa kwamba amesonywa.

"Wa shule," akawaambia wenzake. "Basi ni wetu." Akaubeba mfuko wangu wa vitabu, akatangulia.

Huyo ndiye aliyenipangisha chumba. Mumewe alikuwa amekwisha kufariki, mwanawe mmoja yuko Ujerumani na mwingine Hispania, na nyumba yake ya mawe na mbao ilikuwa na vyumba vinne vinavyolala giza. Kijiji kizima kilimwita Baba, kwa sababu kwa Kibulgaria baba ni bibi. Babu ni dyado. Wiki ya kwanza ulimi wangu uligoma kabisa kumwita mwanamke wa miaka 79 Baba. Ulipozoea, ukazoea mno. Siku moja nilimpigia mama simu nikamwambia bila kufikiri, "Mama, leo Baba kanipikia ugali." Upande wa pili kukawa kimya. Baba yangu alifariki 2009. Nikamweleza haraka haraka, mama akacheka huku analia, na toka siku hiyo kila akipiga simu alianza na, "Baba hajambo?"

Na ulikuwa ugali kweli. Wao wanauita kachamak. Baba alichemsha maji kwenye sufuria nzito, akatia chumvi, akamwaga unga wa mahindi ya njano wote kwa mara moja, ukakaa katikati ya maji kama kichuguu. Hakukoroga. Alichukua mti mrefu uliochongwa, akatoboa shimo katikati ya kile kichuguu mpaka chini, akaacha maji yachemke yakipandia kwenye lile shimo, muda wa kutosha yeye kutoka nje na kurudi na kuni za usiku. Ndipo akaiteremsha sufuria sakafuni, akaibana kwa miguu, akasonga kwa mikono miwili. Yale mabega niliyajua. Bibi yangu mzaa mama alisonga vivyo hivyo, ameinama, anapumua kwa mdomo, hataki kusemeshwa. Juu ya kachamak ilimwagwa siagi iliyoyeyushwa na pilipili nyekundu isiyowasha, na pembeni jibini nyeupe ya chumvi wanayoiita sirene. Nikanawa mikono, nikamega tonge. Baba akanitazama, akaweka uma wake chini, akamega naye.

Kijiji chenyewe sitakitaja. Kiko mwendo wa chini ya saa moja kutoka Smolyan, ndani ya Rodopi, milima ya kusini inayopakana na Ugiriki. Kilele chake kirefu, Golyam Perelik, kina mita 2,191, lakini si milima ya kutisha. Ni misitu ya misonobari, malisho, na vishamba vya viazi na maharage vilivyong'ang'ania miteremko. Asubuhi ya kwanza nilifungua dirisha nikakuta ukungu umelala bondeni, moshi wa kuni unapanda, mtu anachimba viazi, nikahisi niko Usambara mwezi wa saba. Hisia hiyo iliisha nilipoanza kutembea. Nyumba moja ina pazia na maua, tatu zinazofuata zimefungwa. Kwenye milango na nguzo za umeme kulikuwa na karatasi zenye picha za watu, nami siku mbili nzima nilidhani ni za wagombea uchaguzi. Zilikuwa matangazo ya misiba. Wanabandika mtu akifariki, wanabandika tena siku ya arobaini, miezi sita, mwaka, miaka kumi. Kuna mlango uliokuwa na karatasi za watu watatu na kufuli iliyoota kutu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Bulgaria ilikuwa na watu karibu milioni 9. Sensa ya 2021 ilihesabu milioni 6.5. Wengine hawakuzaliwa, wengine walikufa, na wengi waliondoka. Neno lao la kwenda kutafuta maisha mbali ni gurbet. Zamani lilikuwa la mafundi ujenzi na wachungaji wa Rodopi, walioshuka na kondoo wao kukimbia baridi mpaka pwani ya Bahari ya Aegean, kisha wakarudi majira ya kuchipua. Nchi ilipoingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 2007, na Uingereza ilipowaondolea masharti ya ajira 2014, gurbet ikawa ya kina mama na kina baba wa watoto wadogo. Anayebaki na mtoto ni bibi. Shule yetu ilikuwa na wanafunzi 34, darasa la kwanza mpaka la saba, wengine wakiletwa na basi la shule kutoka vitongoji vya juu, na mikutano ya wazazi ilijaa vitambaa vya kichwani na fimbo za kutembelea.

Shule hufunguliwa tarehe 15 Septemba, na kila mtoto humletea mwalimu maua. Nilipata mashada 11 na sikuwa na hata chombo kimoja cha kuyawekea. Baba aliyapanga kwenye chupa za kioo alizoweka tayari kwa ajili ya pilipili na nyanya za kuhifadhi, na kwa wiki nzima jikoni hapakuwa na pa kuweka kikombe.

Nilifundisha kwa kufuata kitabu. Kitabu kilikuwa kizuri, cha rangi, na kila sura ilikuwa safarini: uwanja wa ndege, hoteli, mgahawa, treni za chini ya ardhi za London. Watoto walikaa kimya. Hawakuwa wakorofi. Waliandika, walinakili, wakiulizwa walitazama meza. Nilidhani naijua sababu. Mimi nilisoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha asubuhi moja nikaingia kidato cha kwanza na kila somo, hata lile la kilimo, likawa kwa Kiingereza. Mwaka mzima sikunyoosha mkono. Nikasema hawa nao wanaogopa kukosea, dawa yao ni michezo na nyimbo. Nikaleta michezo na nyimbo. Wakaimba kwa adabu, wakanyamaza tena.

Mwezi wa kumi na moja nilifanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasimama nilipo. Niliwaambia darasa la tano na la sita, waliokaa chumba kimoja, waandike barua fupi kwa Kiingereza kwa mzazi aliye mbali. Niliona ni zoezi lenye maana kwao. Walikuwa tisa, na saba kati yao walikuwa na mzazi nje. Binti mmoja wa darasa la tano, mwenye nywele zilizosukwa mkia mmoja mnene, aliweka kalamu chini akaniambia kwa Kibulgaria, bila kulia, "Mama alijifunza Kiingereza kwenye simu, mezani kwa bibi, msimu wote wa baridi. Alipokijua, akaondoka." Nyuma yake mvulana mmoja akainamisha kichwa kwenye mikono, na mwingine akaomba kwenda msalani asirudi mpaka kengele.

Mwalimu mkuu hakunigombeza. Alinipikia kahawa ofisini kwake akasema, "Kila mtoto uliye naye ameachwa na mtu kwa sababu ya lugha fulani. Kiingereza, Kijerumani, Kihispania. Wewe ndiye unayeileta darasani."

Usiku ule sikulala. Mama yangu aliondoka kwenda Muskati 1999, mimi nina miaka tisa, kufanya kazi za nyumbani. Aliniacha kwa bibi. Alituma kaseti zenye sauti yake, bibi akaziweka kwenye redio ya jirani, na nyuma ya sauti ya mama ulisikia watu wa ile nyumba wakiongea Kiarabu. Nikaanza kutoroka madrasa. Ustadhi alinichapa, bibi alinisema, babu alinibembeleza, na hakuna aliyeelewa, hata mimi sikuelewa, kwamba sikutaka kabisa kuisikia lugha ya mahali palipomchukua mama. Mama alirudi baada ya miaka minne. Nilikuwa nimeyasahau yale yote, au nimeyafunika, mpaka binti yule alipoweka kalamu chini.

Wiki mbili zilizofuata nilifundisha vibaya. Sikuwa na njia nyingine, na hiyo ya zamani nilishaiogopa.

Njia niliipata jikoni kwa Baba, sikuwa naitafuta. Tulikuwa tunakunywa chai. Nao wanaiita chai, ila kwao ni majani ya mlimani. Ya huko inayosifiwa zaidi ni ile ya Mursalitsa, yenye maua ya manjano, hunywewa na asali bila maziwa. Nilikuwa nimegundua tangu mwanzo kwamba Kibulgaria cha Baba si kile nilichofundishwa mwaka wa maandalizi Plovdiv, lakini nilikichukulia kama matamshi ya mlimani tu. Jioni ile alishika kikombe chake akasema chashasa. Akanyoosha kidole kwenye kikombe kilichokuwa mbele yangu akasema chashata. Kisha akanituma nimletee kilichoko kabatini, akasema chashana.

Nikamwomba arudie. Akarudia, akishangaa nataka nini. Kikombe kilicho kwangu, kilicho kwako, kilicho kule. Kibulgaria cha vitabuni kina kiambishi kimoja tu mwishoni mwa jina, cha T. Rodopi wana vitatu, S, T na N, na vinapangwa kwa umbali kati ya msemaji, msikilizaji na kitu. Hiki, hicho, kile. Nilisimama pale na kikombe mkononi, mwili umenisisimka. Lugha niliyozaliwa nayo na lahaja ya bibi huyu zilikuwa zinaigawa meza ile ya jikoni kwa namna moja, na Kiingereza nilichotumwa kukifundisha kina sehemu mbili tu, ya karibu na ya mbali.

Kesho yake nilichora ubaoni safu tatu. Ya kwanza nikaandika ya kwao, na darasa likaguna, kwa sababu maneno hayo walizoea kuambiwa ni ya kijijini, yasiingie shuleni. Ya pili nikaandika hiki, hicho, kile, nikawatamkisha. Ya tatu, ya Kiingereza, nikaandika mawili na kuacha pengo katikati. Nikawauliza, kitu kilicho mkononi mwa mwenzako utakiweka upande gani? Hapo ndipo niliposikia sauti zao kwa mara ya kwanza. Walibishana dakika 40. Walishika penseli, wakahama viti, wakapima kwa hatua. Mvulana mmoja wa darasa la saba, ambaye miezi miwili hakuwahi kunifungulia mdomo, alisimama akatamka kwa Kiingereza kilichovunjika lakini kamili kwa maana, kwamba Kiingereza kimepungukiwa. Huko alama zinaanzia 2 na ya juu kabisa ni 6. Nilimpa 6, nikaiandika mbele yake.

Kuanzia siku hiyo kitabu nilikirudisha rafuni, nikawa nakichukua kwa ajili ya sarufi tu. Tulifundishana kwa vilivyokuwa pale. Darasa la nne walieleza kwa Kiingereza jinsi ya kupika patatnik, viazi vilivyokwaruzwa na kitunguu, jibini na mnanaa, na tukaipika kwenye jiko la kuni la mlinzi wa shule. Darasa la sita waliandika habari za maharage ya Smilyan, yale makubwa yenye mabaka ya zambarau, kwa sababu babu wa mmoja wao anayalima, na mimi nikawaeleza maharage ya bibi yangu yanavyopanda kwenye mahindi. Tulikuwa na karatasi ukutani ya maneno ambayo Waturuki na Waarabu walituachia sote, wao na sisi: kibrit na kibiriti, sandak na sanduku, dyukyan na duka, hamal na hamali. Neno walilolipenda kuliko yote ni musafir. Kwetu msafiri ni aliye njiani. Kwao musafir ni mgeni aliyefika, aliyekaribishwa ndani. Baba aliposikia habari hiyo alisema ni neno lilelile, tofauti ni kama mlango umefunguliwa.

Somo la majina lilinifundisha kuuliza polepole. Nilikuwa na darasa la pili, watoto wanne, tunajifunza kujitambulisha. Mtoto mmoja aliniuliza, "Jina lipi?" Nikadhani hajaelewa. Mwenzake akanisaidia: la shule au la nyumbani? Sehemu ya kijiji hicho ni Waislamu wanaozungumza Kibulgaria, na Baba ni mmoja wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya wakati ule iliwalazimisha watu hao kuacha majina yao ya Kiislamu na kuandikishwa mengine. Miaka ya 1984 na 1985 ikawa zamu ya Waturuki wa Bulgaria. Baada ya 1989 ruhusa ya kurudisha ilipatikana, wengine wakarudisha, wengine wakabaki nayo yote mawili. Baba aliniambia jina lake la kuzaliwa mwezi wa pili, baada ya miezi mitano ya kulala chini ya paa lake, akiwa ananionyesha picha ya harusi. Kitambulisho chake kina lingine. Darasani nilisema kila mtu achague mwenyewe, na anaweza kubadili kila Jumatatu. Waliobadili walikuwa wengi.

Mvulana yule wa darasa la saba ndiye aliyenipa somo la mwisho la msimu wa baridi. Theluji ilikuwa imefunga barabara, basi la vitongojini halikuja siku nne, na darasa lilikuwa na watoto watatu wamezunguka jiko. Nikamwambia asimulie chochote. Akasimulia kwa Kiingereza habari ya mwanamke wa milima yao, Valya Balkanska, ambaye wimbo wake wa asili wa Rodopi umo kwenye rekodi za dhahabu ndani ya Voyager, vyombo viwili vilivyorushwa angani 1977. Alisita, akatafuta maneno, akachora chombo ubaoni, akachora nyota, akachora na filimbi ya ngozi ya mbuzi waliyoiita kaba gaida. "Sauti yetu," akasema, "imekwenda mbali kuliko mtu yeyote, na haikujifunza Kiingereza." Aliyasema hayo kwa Kiingereza. Nilimwambia akae, nikageukia dirishani kidogo.

Kama kuna mtu anasoma hapa na anafikiria kwenda kufundisha kijiji kama hicho, nitamwambia mambo ya nyumbani kwanza. Ajue kupasua kuni, na ajue kwamba kuni za baridi hukatwa na kupangwa wakati wa joto, kwa hiyo ukifika Septemba unaishi kwa jasho la mtu mwingine na unapaswa kulilipa. Mimi nililipa kwa kubeba ndoo, kufyagia theluji ya majirani watatu, na kuwasomea wazee barua za ofisi zilizokuja kutoka Ujerumani na Uingereza. Ajue pia kwamba atatazamwa. Plovdiv mwenye nyumba mmoja aliwahi kuniambia chumba kimekwisha pangishwa mara aliponiona mlangoni, na tangazo likabaki mwezi mzima. Kijijini sikufanyiwa hilo. Watoto waligusa nywele zangu, nikawaruhusu mara moja kila mtu kisha tukafunga mjadala, na mzee aliyewahi kujenga barabara Libya miaka ya 1980 alinisalimia "salaam alaykum" kila asubuhi kwa fahari kubwa, nami nikamwitikia kwa ukamilifu.

Binti wa mkia mmoja aliendelea kutozungumza Kiingereza. Sikumlazimisha. Alifanya mazoezi ya kuandika, akapata alama za kutosha, mdomo akaufunga.

Tarehe 1 Machi Wabulgaria huvishana martenitsa, nyuzi nyeupe na nyekundu zilizosokotwa, mkononi au kifuani. Wanasema ni siku ya Baba Marta, bibi Machi, anayekasirika na kuchekelea ndani ya saa moja, kama hali ya hewa yake. Huivui mpaka umwone korongo, au mbayuwayu, au mti wa matunda uliochanua. Ndipo unaifunga kwenye tawi. Siku ile mikono yangu yote miwili ilijaa mpaka viwikoni. Nikawaeleza watoto kwamba korongo wao weupe na mbayuwayu wao hawafi wakati wa baridi wala hawajifichi. Wanakuja kwetu. Korongo wanapita Uturuki na bonde la Nile mpaka mbuga za Afrika Mashariki, wengine hadi kusini kabisa, na mbayuwayu nimewaona tangu utotoni kwenye nyaya za umeme Lushoto, bila kujua kwamba kuna watu wanawasubiri wakiwa wamefunga nyuzi mikononi.

Binti yule alinitazama muda mrefu. Kengele ilipolia alikuja mezani kwangu akauliza, kwa Kiingereza, sentensi yake ya kwanza: "Na wanarudi?"

"Wanarudi," nikamwambia. "Mpaka kwenye kiota kilekile, mara nyingi."

Akatikisa kichwa, kulia na kushoto.

Sitadai kwamba alibadilika toka hapo. Aliendelea kuongea siku moja na kunyamaza siku tatu. Mama yake alikuja Pasaka, akakaa siku tisa, akaondoka, na wiki nzima binti hakuja shule. Mwezi wa tano Ramadhani ilitukuta, mimi na Baba tukafunga pamoja, siku ndefu za Ulaya zisizokwisha, tukifuturu karibu saa tatu usiku kwa maziwa mgando ya mbuzi wake na mkate. Tarehe 24 Mei, sikukuu ya elimu na maandishi yao ya Kisirili, shule nzima iliandamana na maua kuzunguka uwanja. Watoto walinibebesha kibao chenye herufi moja ya alfabeti yao, kwa sababu herufi ni 30 na waandamanaji wenye afya ya kubeba hawakutosha.

Idi iliangukia Ijumaa ya tarehe 15 Juni, na basi langu lilikuwa la Jumamosi. Baba alitoka na ndoo ndogo ya shaba akamwaga maji kwenye ngazi za mlango, niyavuke ndipo nishuke, ili njia yangu iende kama maji yanavyokwenda. Kituoni wale wazee walikuwepo kwenye benchi lao. Mwalimu mkuu alinipa mtungi wa asali. Binti wa mkia mmoja hakuja, lakini dereva alinikabidhi kifurushi alichoachiwa asubuhi: kilo moja ya maharage yenye mabaka na maelezo ya kuyapika, kwa Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu.

Nilirudi Lushoto mwisho wa mwaka ule. Maharage yale bibi yangu aliyapanda; yalitoka, yakachanua, yakashindwa kubeba vizuri, akahifadhi mbegu kumi na nne akisema tutajaribu tena ng'ambo ya pili ya shamba, penye kivuli.

Machi iliyofuata ilinifikia sauti kwenye simu. Ilikuwa ya binti yule, na nyuma yake nilimsikia Baba akimhimiza aseme haraka kabla mtandao haujakatika. Aliongea Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, akikosea nyakati za vitenzi, nami sikumsahihisha. Alisema theluji bado ipo, mti wa plamu haujachanua, martenitsa yake imechafuka na hawezi kuivua. Mbayuwayu hawajafika. Akauliza kama bado wako kwetu.

Nikatoka nje kutazama nyaya za umeme. Walikuwa bado wapo, wengi, wamejipanga bega kwa bega juu ya shamba la viazi. Nikawapiga picha nikamtumia.